Ngazi Arobaini na Nane za Nukta

Jumatano, 5 Machi

Nukta amerudi kutoka kwa daktari wa mifugo. Yuko hai! Ana miguu mitatu. Wa nyuma wa kushoto, uliogongwa na pikipiki, umebaki huko. Sikuuliza wapi.

Ni mbwa mweusi, mdogo kama mkoba wangu wa shule. Amevishwa kola ya plastiki asilambe nyuzi. Anafanana na taa ya mezani. Daktari amesema nisijali, mbwa hajui hesabu, kwake mitatu ni mingi tu. Apumzike kidogo, kisha tumwache atembee mwenyewe. Nimemuuliza maswali kumi na moja. Kufika la tisa akaanza kunawa mikono. Sidhani kama yuko makini.

Sasa jambo zito. Tunaishi ghorofa ya tatu. Ngazi arobaini na nane! Mama husimama dukani kutwa nzima akipima vitambaa, na amesema hana magoti ya kupandisha mbwa. Shangazi anaishi nyumba ya chini yenye ua, na amemtamani Nukta tangu zamani. Basi Mama ameamua. Jumapili ya tarehe 16 Nukta atapimwa. Akishuka na kupanda mwenyewe, atabaki. Akishindwa, ataenda kwa Shangazi moja kwa moja.

Nimemtazama Baba. Baba amesema katika nyumba hii yeye hana kura.

Shangazi ameshanunua bakuli!

Sitakubali. Mimi ni katibu wa chama cha huduma ya kwanza shuleni. Nimechora chati ya mgonjwa kwa rula na rangi tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Mgonjwa hatembei kabisa. Niliporudi shuleni nilimkuta juu ya mto wake sebuleni. Aliponiona aliinua mguu mmoja wa mbele na kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nililia pia. Nikambeba hadi chini, nikambeba hadi juu, nikampa kipande cha ini. Akanyamaza. Nimeandika kwenye chati: ini husaidia.

Bibi, mama yake Mama, anasema asubuhi Nukta alikwenda jikoni kwa miguu yake na kupindua ndoo ya taka. Nimemweleza kwa adabu kwamba haiwezekani. Bibi hushinda mlangoni na kiti chake, mlango wazi, ili apate upepo na habari. Anacheza karata peke yake na bado anadanganya. Si shahidi wa kutegemewa.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia mtoto hufuata nyayo, hafuati maneno. Nimeona mbwa naye ni hivyo hivyo. Nimekunja mguu wangu wa kushoto, nimeufunga kwa mtandio wa Mama, nimeweka mikono chini na kuanza kushuka ngazi kwa miguu mitatu, polepole, ili Nukta aone jinsi inavyofanyika. Nukta alikaa juu akatazama. Alipiga mwayo mara moja.

Nilikuwa ngazi ya kumi na tisa, kichwa chini, mkia (mtandio) juu, nilipoona viatu vyeusi vinavyong'aa. Mwalimu wa Hesabu! Anakaa ghorofa ya pili. Aliniuliza kama niko salama. Nilimjibu kwamba ninafundisha. Alifikiri kidogo, akaniambia kila mtu ana mbinu zake, akanipisha.

Bibi alicheka hadi karata zikamwagika. Amesema Nukta kapoteza mguu mmoja, kapata miwili: yangu.

Jumapili, 9 Machi

Niliweka kipande cha ini kwenye kila ngazi, kutoka juu hadi chini. Paka wa ghorofa ya kwanza alianzia chini.

Sitaki kulizungumzia. Mama naye anauliza maini ya jioni yako wapi.

Jumanne, 11 Machi

Dalili mpya, na inanitisha. Mchana, nikiwa shuleni, Nukta hutandikiwa magazeti kwenye roshani ajisaidie. Yamekaa makavu siku tatu za shule mfululizo. Nimeandika kwenye chati: FIGO? Nimepigia mstari mara mbili.

Bibi amesema figo zake nzuri tu, mbwa anashuka zake uani saa nne kila siku, anarudi, anakunywa maji, analala. Akasema hajapata kuona mgonjwa anayenenepa namna hii. Nimemwomba Bibi, kwa heshima zote, asifanye mzaha na maisha ya mtu.

Zimebaki siku tano. Nukta amelala mapajani mwangu ninapoandika. Kola inanichoma mbavuni lakini sijisogezi. Akienda kwa Shangazi, nani atajua kwamba hulala vizuri akisikia kalamu ikiandika? Shangazi haandiki chochote. Hana hata kalenda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimegundua tatizo! Si mguu. Ni woga wa kimo. Dawa yake ni kumzoesha.

Nimefunga kapu la nguo chafu kwa kamba ya kuanikia. Kwanza nimeteremsha mkoba wangu kutoka roshani. Umefika chini bila mkwaruzo. Nimeweka ini ndani ya kapu. Nukta ameingia mwenyewe. (Mwenyewe! Nimeandika kwenye chati.) Nimemteremsha taratibu, nikihesabu kwa sauti ya kutuliza. Kamba ikakwama.

Kapu lilisimama mbele ya roshani ya Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa anakunywa chai. Nilisikia kikombe kikianguka. Kisha nikamsikia Mwalimu akisema neno ambalo halimo katika kamusi yetu ya shule. Kisha kapu likawa jepesi.

Nilikunja kamba vizuri, kwani tumefundishwa kutoacha vifaa ovyo, ndipo nikakimbia ndani nishuke nikamwokoe. Ajabu! Nukta alikuwa juu ya mto wake. Anahema. Makombo ya mkate mdomoni. Aliponiona akainua mguu na kulia.

Kuna jibu moja tu. Mwalimu alimpandisha mikononi, akamlaza, akaondoka kimya kimya. Watu wema hawapigi hodi. Bibi alitaka kunieleza jambo kuhusu risasi nyeusi yenye kola iliyopita mlangoni, ila kicheko kilimkaba. Nilimpa maji.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea Mwalimu barua ya shukrani, aya tatu, yenye utangulizi na hitimisho. Ameisoma mara mbili. Amesema hakumbeba mbwa yeyote, alimfungulia mlango tu na kumtoa kwa ufagio.

Ni mnyenyekevu mno.

Jumamosi, 15 Machi

Nyuzi zimetolewa, kola nayo imevuliwa. Daktari ameubonyeza mguu wa nyuma uliobaki, akauliza mbwa huyu anafanya mazoezi wapi, maana ana misuli kama mchezaji mpira. Nimemwonyesha chati. Ameisoma, akaenda kunawa mikono.

Nilipotoka kwenye mkutano wa chama nilikuta kitu cheusi uvunguni mwa kitanda changu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama. Kiatu! Cha mwanamume, kimepigwa rangi vizuri, kimetafunwa kidogo kwenye ulimi. Si cha Baba. Bibi akasema niwaulize wa chini. Sikuona haja. Nukta amekikumbatia na kulala.

Nimekiangalia tena. Ni cha mguu wa kushoto.

Masikini, anaukumbuka mguu wake! Nimekirudisha palepale. Nimelia sana.

Jumapili, 16 Machi

Shangazi alifika saa nne na bakuli na kamba mpya. Tulisimama wote mlangoni. Mama alisema haya, Nukta, shuka. Nukta aliniangalia. Nilimpa moyo kwa macho. Akalala chini, akainua mguu, akalia. Mama alirudia. Akalia zaidi. Bibi alisema huyo mtoto aingizwe chumbani na mlango ufungwe, mtaona maajabu. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi pia sikumsikiliza. Nimwache peke yake saa kama hii?

Mama alinishika bega. Alisema hakufurahi, lakini tulikubaliana.

Niliomba nimbebe mimi mara ya mwisho. Ngazi arobaini na nane. Kila moja niliihesabu. Alikuwa mzito kuliko zamani, na moto, na alinilamba sikio. Pale chini nilimkabidhi kwa Shangazi, nikamweleza kuhusu ini, na figo, na kalamu. Shangazi alisema usijali, mwanangu, utakuja kumwona. Niligeuka nikaanza kupanda.

Nilikuwa ghorofa ya pili, sioni njia kwa machozi, kitu kikanipita miguuni. Cheusi. Kilikuwa na kamba nyuma. Kilikata kona bila kupunguza mwendo.

Nilipofika juu Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nukta alikuwa juu ya mto wake, kamba shingoni. Aliponiona akainua mguu. Akalia.

Shangazi alifika akitweta, kiganja chekundu kwa kamba. Akasema wifi, huyu hana ugonjwa, huyu ni mwigizaji. Mama alianza kucheka, akakaa chini kabisa, akacheka. Alisema kiapo ni kiapo: kashuka na nani si kitu, kapanda mwenyewe na ushahidi tunao. Atabaki!

ATABAKI!

Bibi alimwambia Shangazi aache na lile bakuli. Ameliacha. Kisha Mama akatoa amri: kuanzia leo hakuna kumbeba Nukta, hakuna ini. Nimekubali kwa moyo wote. Matokeo yameonyesha kwamba mbinu zangu zimefaulu, hasa kapu.

Ila baada ya chakula alilia tena. Ngazi arobaini na nane kwa mkupuo mmoja, nani asingechoka? Nimembeba hadi jikoni tu. Ini dogo tu.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimemwona Mwalimu wa Hesabu akishuka kwenda shule. Anachechemea! Mguu wa kulia kiatu cheusi kinachong'aa, wa kushoto ndala. Bila shaka umevimba, hauingii kiatuni. Nimemuuliza ugonjwa umemwanza lini. Amesema tangu Jumamosi, na akaniangalia kwa namna ya ajabu. Wagonjwa huona haya.

Wa kushoto, kama Nukta. Nimefikiria kumpa kile kiatu cha uvunguni kimfariji, lakini Nukta anakihitaji zaidi.

Nimechora chati mpya. Ngazi zake ni thelathini na mbili tu. Kapu, nadhani, litamtosha akikunja magoti.