Mapazia ya Kumpokea Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe anakuja Jumamosi! Mara ya kwanza tangu nimwoe Priscilla. Anatoka Kosele na wenzake wa kanisa. Priscilla anaimba tangu asubuhi. Nampenda huyu mwanamke. Anataka kitu kimoja tu: mama yake aingie, ale, aridhike kwamba binti yake hakupotelea huku Uriri.

Shida ni jirani yangu, Bogonko. Dirisha lake lina mapazia mawili, jepesi upande wa kioo, zito upande wa ndani. Leo ameniuliza kwa upole kama langu ni pazia ama ni shuka. Kwa upole! Chai imenishinda.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda kwa Habon, muuza mapazia sokoni. Nimepata jepesi, jeupe, lenye maua. Zito bei imenitoa mbio. Lakini hiki kichwa si cha kufuga nywele tu! Mlango wa chumba chetu cha kulala hauna ubao, una pazia zito la kahawia. Hilo linahamia dirisha la sebuleni. Mlangoni nitaweka kipande cha jepesi. Habon ameonya kwamba jepesi mlangoni halifichi kitu. Nimemwambia yeye auze tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Bomba la pazia limeniangukia kichwani. Nimelirudisha. Limeniangukia tena.

Priscilla ana wasiwasi na kitanda. Kwetu Wajaluo, mama mkwe akiona kitanda cha mkwewe ni aibu kubwa, anaweza kuondoka bila kuonja hata maji. Nikafunga dirisha la chumbani, ambalo ni la mbao, tukasimama sebuleni kutazama. Giza tupu! Nimemwambia hiyo ndiyo sayansi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ole wangu.

Wageni walifika. Nikasalimia kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Nikapitia mlango wa nyuma kwenda chumbani kuvaa suti. Joto! Nikafungua dirisha. Sebuleni kukanyamaza ghafla. Nikajua wanastaajabia mapazia. Nikasimama nisikie sifa, mguu mmoja ndani ya suruali.

Priscilla akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mwanga! Umetoka dirishani, umepita kwenye pazia. Wameona kitanda, magoti yangu, na bukta yangu ya kuchezea mpira, yenye tundu.

Nilikimbilia nyuma ya banda la kuku. Mama mkwe alikuwa ameshatoka nje, mkoba kwapani. Priscilla akaanza kulia. Hapo nilijichukia kabisa.

Yule mama akamtazama binti yake. Kisha akafungua leso kiunoni, akamwambia akaifunge kwenye ule mlango, yeye atakaa ameupa mgongo. Akauliza kama samaki wanangoja kupoa. Halafu akatuma mtu aniambie nivae kwanza, nikishavaa nile hukohuko kwa kuku.

Nimekula kwa kuku. Mama mkwe wa dhahabu!

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wameenda, leso mama mkwe ameiacha. Priscilla akinitazama anacheka mpaka anakaa chini.

Lakini hiyo leso juu ya jepesi! Mapazia mawili mlangoni! Bogonko hana. Amekuja kuchungulia, nikamwambia ni mtindo mpya wa Kosele. Ameondoka.

Priscilla anataka tuweke mlango wa mbao. Mbao, zama hizi! Mimi naona bafu la nje ndilo linalotuangusha. Mlango wake ni bati kuukuu, na unatazama barabara. Kesho nalibandua. Habon ana jepesi la bluu.