Gita Langu la Besi Limeanza Kusikika

Masjala Kuu, Chumba cha Chini.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Shemeji Fundi,
Kibanda cha Redio na Vyombo vya Muziki,
Mkabala na duka la magodoro.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA UBOVU WA GITA LANGU LA BESI

Shemeji yangu mpendwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na redio zote zilizolazwa kibandani kwako zikisubiri kupona. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa masikitiko makubwa na kwa adabu zote anazostahili ndugu wa mke wangu. Ningeweza kuja mwenyewe, maana kibanda chako si mbali, lakini kila nikija unanipa kiti na kunichekesha, hasira yangu ikaisha kabla sijaitoa mfukoni. Karatasi haichekeshi mtu. Tena mimi ni karani wa masjala, huu mwaka wa ishirini na mbili, na jambo lisilo na namba ya jalada kwangu huwa halijatokea.

Historia unaijua, lakini kwa ajili ya kumbukumbu nairudia. Gita hilo nililinunua likiwa limetumika, kutoka kwa mwokaji mikate mmoja aliyeacha muziki kwa sababu ya mgongo. Nimekaa nalo miaka kumi na minne. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyopoa, nyuzi zimeota kutu, funguo mbili kati ya nne zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na sauti yake, hata ukiifungulia spika hadi mwisho, ilikuwa ya mtu anayenung'unika chini ya godoro. Kwa gita hilo nimepiga harusi, nimepiga mahafali, nimepiga kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa wafanyakazi. Kwa gita hilo nikapewa jina la Mzito. Nilikuwa nasimama nyuma kidogo, upande wa kushoto, macho nimeyafumba, kichwa nakitikisa polepole, na watu wakasema: yule bwana ana muziki ndani yake. Walisema kweli. Ulikuwa ndani. Wewe ndiye uliyeutoa nje.

Jumapili ile ulipokuja kula kwetu, ulilichukua pale lilipoegemea kabati, ukaligonga mgongoni kama daktari, ukasema mbele ya dada yako, "Shemeji, hili halijafa. Limezimia tu." Mimi nikacheka. Dada yako akapiga makofi, akakuletea na mfuko wa kulibebea. Baada ya majuma matatu ukalirudisha likiwa limebadilishwa vifaa, linang'aa, nawe unang'aa zaidi yake. Yaliyonipata tangu siku hiyo ni haya yafuatayo.

1. Nyuzi. Zile za zamani zilikuwa na busara ya uzee. Ukikosea zilisema "bu", ukipatia zilisema "bu", na kila msikilizaji akajichagulia alichotaka kusikia. Hizi zako mpya kila sauti zinaitaja kwa jina lake na la baba yake. Katika mazoezi ya kwanza, tulipofika kwenye kiitikio cha wimbo wa pili, kiongozi wetu, yule kinyozi anayeimba, aliacha kipaza sauti akaenda kuchungulia nyuma ya spika. Alidhani kuna mtu ameingia.

2. Funguo za kukazia nyuzi. Hili hukuniuliza hata kidogo. Funguo zilizolegea ndizo zilizokuwa kimbilio langu. Mambo yakiharibika katikati ya wimbo, niliinama, nikakunja uso, nikazungusha ufunguo, na ukumbi mzima ukanionea huruma: masikini Mzito, na gita lile! Kwenye mahafali fulani nilizungusha funguo nyimbo tatu mfululizo, na mwisho nikashangiliwa. Sasa umenifungia funguo za chuma zisizolegea kwa lolote. Juzi nilikosea, nikainama kwa mazoea, nikazungusha. Gita lililokuwa sawa likaenda kombo kweli kweli, na njia ya kulirudisha lilikotoka sikuijua.

3. Zile sumaku mbili za kunasia sauti. Ulizing'oa za zamani zilizokuwa zikivuma kama friji, ukaweka mpya, ukajisifu kwamba hazina mvumo hata chembe. Mvumo ule, shemeji, ulikuwa blanketi langu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi. Mlango ukafunguliwa, bi harusi akaanza kuingia kwa zile hatua za kuhesabu, kinyozi akaanza kuimba, nami nikaingia pale ninapoingia siku zote, yaani mahali pasipo pangu. Sauti ikafika mpaka jikoni. Bi harusi akasimama. Alikuwa anasubiri muziki umwambie aendelee. Muziki, kwa maana ya mimi, ukamwambia arudi. Akarudi hatua mbili. Shangazi yake akamshika mkono na kumwuliza kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika ukumbi mzima, "Mwanangu, umeghairi?" Bwana harusi ikabidi adakwe makwapani na msimamizi wake. Mama wa bwana harusi alikuwa ameshasimama na anavua viatu. Ndoa ilipita salama, nashukuru, lakini video ipo, na ninaambiwa inatazamwa sana.

4. Daraja, yaani kile kipande cha chuma ambapo nyuzi zinaegemea. Ulinieleza kwa furaha kwamba hili jipya ni zito na litaifanya sauti ikae. Inakaa. Zamani kosa langu lilikufa kabla halijatambuliwa. Sasa linakaa kama mgeni aliyesikia chai inachemka. Nakosea ubeti wa kwanza, tunaingia nalo ubeti wa pili.

5. Kinyozi. Jumanne baada ya harusi ile aliniita chumba cha nyuma cha saluni yake, tunakofanyia mazoezi, akaniomba nipige peke yangu. Miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kuniomba jambo hilo. Nikapiga. Nilipomaliza nilijua atafoka, na nilikuwa nimejiandaa kwa kufoka. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akajizungusha nusu, akaniambia polepole kwamba upo wimbo mmoja aliomtungia marehemu mama yake, na aliuacha miaka tisa iliyopita kwa sababu kila akifika katikati alihisi kitu kinamvuta suruali kwenda chini. Akadhani ni koo. Amekwenda kwa daktari wa koo mara mbili. Amekunywa asali na tangawizi mpaka nyuki wakamjua. Amelala na skafu shingoni wakati wa joto.

"Kumbe ulikuwa wewe, Mzito," akasema. "Miaka yote hii, kumbe ulikuwa wewe."

Halafu akanipa mwezi mmoja: nizijue nyimbo zetu, ama nimpishe mwingine. Hebu fikiri, shemeji. Usingeligusa lile gita, mtu yule angeendelea kulaumu koo lake kwa amani.

6. Dada yako. Hapa kalamu inakuwa nzito. Unajua tulivyofahamiana. Alikuja ukumbini na wenzake, akaniona nimefumba macho, akawaambia, "Yule anasikia kitu ambacho sisi hatukisikii." Tukaoana juu ya sentensi hiyo. Tangu siku hiyo kiti chake ni mstari wa mbele, karibu na njia, na kila nikifumbua macho namkuta ananitazama kama mtu aliyeweka akiba mahali salama.

Siku ya harusi ile tuliporudi nyumbani, alikuwa anakunja nguo, akaniuliza bila hasira yoyote, "Baba watoto, hivi ulikuwa unapiga hivyo tangu mwanzo?" Nikamjibu kwamba gita limebadilishwa vifaa. Akasema, "Sijaulizia gita." Akaendelea kukunja. Shati langu alilikunja vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo lililoniuma. Jumamosi iliyofuata hakuja ukumbini. Alisema ana nguo za kupiga pasi. Nguo zote, shemeji, nilikuwa nimezipiga pasi mimi mwenyewe Ijumaa. Kwenye kiti chake alikaa bwana mmoja mwenye mkoba, akasinzia.

Kwa kuwa madhara yote hayo yametokana na mikono yako, naomba kwa heshima mambo yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa:

(a) Vifaa vyangu vya zamani virudishwe, skrubu kwa skrubu, na kutu irudi palepale ilipokuwa.

(b) Kama umeshavitupa, nitafutiwe vingine vyenye ubovu unaolingana. Najua itakuwia vigumu, lakini naamini fundi wa kiwango chako, akijitahidi, anaweza kuharibu.

(c) Uiandikie bendi barua rasmi kuthibitisha kwamba vifaa vya kisasa vina tabia ya kutoa makosa ambayo mpigaji hakuyafanya. Kama maneno yatakushinda nitakuandikia mimi. Muhuri ninao.

(d) Ikishindikana yote hayo, basi pawepo usawa. Usiboreshe gita la mtu mmoja ukamwacha uchi mbele za watu. Anza na bendi nzima, kisha uje ofisini kwetu. Mkuu wetu anahutubia kwa kipaza sauti kinachokoroma, ndiyo maana hakuna anayejua kwamba tangu mwaka juzi anasoma hotuba ileile. Kitengeneze. Mkaguzi wetu ana miwani yenye ufa. Mbadilishie. Mlango wa stoo unalia kila mtu anapotoka mapema. Utie mafuta, tuone nani atabaki kazini. Ikiwa wakati umefika wa watu kuonana na kusikiana jinsi walivyo, basi itangazwe siku moja, nchi nzima ianze pamoja saa mbili asubuhi. Lakini kuanza na mimi peke yangu, tena harusini, huo ni uonevu.

Nimalizie kwa kuomba unisalimie mkeo, watoto, jirani yako fundi saa, na yule mzee anayekuja kila siku kuulizia redio ambayo hakuileta. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie mkwewe bado anakula vizuri.

Ni mimi shemeji yako, niliyeboreshwa bila kupewa taarifa,

Mzito,
Karani wa Masjala.

Nakala: Mama mkwe (kwa taarifa tu; asichukue hatua yoyote).

N.B. Leo ni Jumapili, na barua hii imekaa mezani kwangu mwezi mzima. Sababu ni kwamba malalamiko yasiyo na kiambatisho hayafanyiwi kazi, kwa hiyo nilitaka kwanza nikusanye ushahidi. Nilichora daftari safu mbili: Kosa la Gita, na Kosa la Mpigaji. Kila saa ya chakula cha mchana nilijifungia masjala katikati ya mafaili, nikapiga kila wimbo polepole, kipande kwa kipande, ili nimkamate mkosaji. Safu ya kwanza haikupata hata mstari mmoja. Ya pili ilijaa kurasa kumi na moja, halafu ikaanza kupungua, maana kosa ukishaliandika kwa mkono wako mara sita, la saba unaona aibu.

Jana tulipiga ukumbini. Sikufumba macho, nilikuwa natazama vidole vyangu. Kinyozi aliuimba wimbo wa mama yake mwanzo hadi mwisho, huku ameshika suruali kwa mkono mmoja kwa tahadhari, na alipomaliza akakaa chini palepale jukwaani akafuta uso kwa taulo la kunyolea.

Dada yako alikuja. Wimbo wa tatu akanyanyuka kwenye kiti chake, akachukua pochi, akaondoka. Nilikosea hapo, na ndilo kosa langu pekee la siku nzima. Kisha nikamwona amesimama kule nyuma kabisa, karibu na mlango, pochi kifuani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwuliza kilichomtoa mbele. Akasema alitaka kujua kama nafika mpaka kule. Nikamwuliza, je, nimefika? Akanipokea gita, akalibeba yeye.

Kwa hiyo maombi (a) na (b) usiyashughulikie. (c) chana. (d) nakuachia wewe na dhamiri yako. Ile nakala ya Mama usimpe.

Nina swali moja tu la kiufundi: kwenye gita hilo, kuna kifaa chochote ambacho bado hujakibadilisha? Kama kipo, njoo na kipya chake Jumapili ijayo. Dada yako anasema utakula kwetu.