Pazia la Chuma, Geji Kumi na Sita

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kuanzia leo nasimamia elimu ya ukoo. Kazi hii ilikuwa inaniita siku nyingi.

Najat, binti wa dada yangu Semeni, anakaa kwangu hapa Tanga. Anasomea ualimu, stashahada, mwaka wa pili. Somo lenyewe: Historia ya Dunia, Karne ya Ishirini. Ana sapu moja tayari. Sapu, kwa asiyejua, ni mtihani wa kurudia. Vijana wameupa jina tamu ili wazazi wadhani ni zawadi. Alhamisi ya wiki ijayo ana wasilisho mbele ya wakufunzi, alama arobaini. Akianguka hapo anarudia mwaka. Semeni amepiga simu kutoka Mwera kusema kwake hakuna cha kurudia mwaka: mtoto anarudi shamba wakaangue nazi. Jirani wa nyumba ya tatu amesikia, na simu haikuwa kwenye spika.

Nikamwambia Najat asitie shaka, mjomba wake nipo. Akashusha pumzi ndefu. Ya faraja, bila shaka.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini la saba la zamani. Siku hizi hilo ni sawa na udaktari.

Nimempa sharti. Madaftari yake ni ya Kizungu, basi kila jioni anisomee kwa Kiswahili, nipime kama ameelewa. Kizungu nakijua sana, ila miwani sina. Sijawahi kuwa nayo.

Jumanne, 6 Mei

Somo la leo: Umoja wa Mataifa. Najat anasoma kwamba yako mataifa matano makubwa, na kila moja lina kura ya turufu. Nikamsimamisha. Nikamwambia arudie. Akarudia vile vile, bila haya.

Watano! Wote wana turufu! Nimecheza karata miaka thelathini, nimewalaza watu waliokuja na nauli kutoka Pangani. Turufu ni aina moja tu kwa mchezo. Wakiwa nayo wachezaji wote basi aliyegawa karata ni mwizi, na dunia nzima imekaa inatazama.

Najat akasema si karata, Mjomba, ni haki ya kuzuia uamuzi wa wenzako. Nikamwambia ndiyo kazi ya turufu hiyo hiyo. Kafunua ukurasa mwingine. Hoja ilimfika.

Hapo akaingia Noa. Noa ni jirani, Mbondei, karani mstaafu wa shamba la katani, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua mkaa. Ana kabati zima la vitabu na hajawahi kuchomelea hata bawaba. Kamletea Najat kitabu kinene, akaniita "Fundi" kwa ile sauti ya kumwita mtoto aliyejipaka matope. Ati kama nataka naweza kukaa nikasikiliza. Kwenye kiti changu! Barazani kwangu!

Sasa nimeelewa vita ni vya nani na nani. Siku ya wasilisho lazima litajwe jina moja la mshauri, na jina hilo halitaanza na N.

Ijumaa, 9 Mei

Nimejifunza nchi zisizofungamana na upande wowote. Hizi zilikataa kuwa za Marekani, zikakataa kuwa za Urusi. Hekima tupu. Nikaona niitumie nyumbani.

Fursa ikaja saa nne asubuhi. Mke wangu Kijakazi kagombana na Khadija wa nyumba ya nyuma kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Kijakazi akaniuliza kamba ni ya nani. Nikasimama katikati ya ua, nikatangaza kwamba mimi sifungamani na upande wowote.

Nimerudi kutoka msikitini. Pilau ya Kijakazi imekwisha, kwa watu wawili, kwenye sufuria ya watu kumi. Nikasubiri sahani ya Khadija, ile anayotuletea kila Ijumaa. Ikapita mbele ya pua yangu ikaenda kwa Noa.

Nimeshindia kahawa na kashata. Nchi zile ziliishije?

Jumapili, 11 Mei

Leo nimekutana na historia ya kweli!

Najat alikuwa anasoma kivivu, Vita Baridi hivi, Vita Baridi vile. (Nilishamweleza kwamba baridi naijua. Nimewahi kulala Lushoto wiki mbili bila blanketi, chui akaja, akakimbizwa na mgongano wa meno yangu.) Ghafla akasema kwamba baada ya vita, Pazia la Chuma liliteremka katikati ya Ulaya, toka bahari mpaka bahari.

Nikasimama. Pazia. La chuma. Bahari mpaka bahari!

Nikauliza fundi nani. Akasema hakukuwa na fundi. Nikauliza geji ngapi, yaani unene wa bati. Akaanza, "Mjomba, hilo pazia ni—" nikamkatiza. Mtu asiyejua geji asijifanye anajua pazia.

Mimi nimeshika mashine ya kuchomelea tangu mama yake hajaolewa. Geti nililotengeneza kule njia ya Horohoro liligongwa na lori la saruji, na lori ndilo lililokwenda gereji. Kumbe miaka yote hii vyuoni wanafundisha kazi ya chuma na sijaitwa! Na tazama dhuluma: vitabuni yupo aliyeliteremsha, wapo waliolilalamikia, wapo waliolibomoa. Aliyelichomelea hayupo. Ndivyo tunavyofanyiwa mafundi siku zote.

Nimeamua. Wakati wenzake watakwenda na makaratasi ya kubandika ukutani, Najat ataingia na pazia lenyewe. Simwambii. Nataka aone kwa macho yake.

Jumatano, 14 Mei

Siku tatu karakanani. Bati geji kumi na sita, vipande ishirini na nne, vimeshikana kwa pete. Unavuta kamba linapanda, unaachia linashuka. Chini nimeweka kitasa cha kujifunga chenyewe, ubunifu wangu. Wazungu wale hawakuwa nacho, ndiyo maana lao likafunguliwa.

Noa akapita na tai yake. Akauliza nini hiki. Kwa kuwa ushindi ulikuwa mkononi, nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika mlingoti wa taa. Ati hakukuwa na pazia. Ati ni usemi, maana yake nchi zile zilijifungia, watu wa huku wasiende kule. Ati ni kama kusema fulani ana mkono wa birika: "Sasa Fundi, anashika birika kweli?"

Nikamjibu kwamba Sabiri wa dukani ana mkono wa birika, na birika analo. Nimeliona. La bluu.

Akaondoka anatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Wivu ni ugonjwa.

Kijakazi naye akauliza kwa upole unaotisha: Najat anajua? Nikasema atajua kesho. Akasema, "Uweso, mtoto huyo hana nafasi ya pili." Nikamwambia ndiyo maana nimetumia chuma na si plastiki.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika nikiwa na plasta vidole vinne. Niseme yote kama yalivyokuwa, maana watu watapotosha.

Nilifika chuoni mapema na pazia juu ya guta la magurudumu matatu. Mlinzi akauliza ni la nini, nikasema la historia, akafungua. Ukumbi una mlango mmoja mpana. Nikafunga bomba juu ya fremu kwa bolti sita, nikalikunja pazia juu, safi, halionekani. Kazi ya nusu saa. Mtu mwingine angechukua siku mbili.

Wakaingia wanafunzi thelathini na mmoja. Wakaingia wakufunzi watatu, mkubwa wao Mwalimu Devota, mama wa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Akaingia Noa, ati kaalikwa. Najat akasimama mbele. Karatasi mkononi inalia kama bati la paa. Mimi nje, kamba mkononi.

Akafika pale penyewe. Akasema pazia likateremka. Nikaachia!

Wallahi sijawahi kusikia chuma kikishuka vizuri namna ile. Radi ya masika ni mtoto. Vumbi likatanda, mkufunzi mmoja akatoa shahada kwa sauti. Kitasa kikajifunga chenyewe: ta!

Nikangoja makofi. Badala yake Mwalimu Devota akaja mpaka kwenye pazia, akauliza kwa sauti tulivu kabisa ufunguo uko wapi.

Hapa watu hawatanitendea haki. Kitasa nilikimaliza jana magharibi. Ufunguo nilikuwa bado sijaamua uwe wa aina gani.

Wakajaribu madirisha. Madirisha yana nondo. Nondo hizo nilizichomelea mimi mwaka juzi na hazitoki, nikawaambia wasijisumbue. Nikakimbilia grenda ya kukatia chuma. Nilipoichomeka, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikajaribu kulinyanyua kwa mikono, bati likanikata vidole.

Watu wakajaa nje. Mama wa mkahawa anapitisha chapati kwenye nafasi ya pete, moja moja. Mume wa mwanafunzi mmoja kaja na mtoto mchanga, mama yake atamnyonyesha vipi? Wakashikana vidole pale kwenye upenyo, mama huyo analia, mtoto analia, mume ananitazama mimi. Binti mmoja aliyerudi kutoka maliwatoni akakuta wenzake wamefungiwa, anawaita kwa majina kama msibani.

Na Najat? Nilichungulia. Alikuwa amekaa chini, karatasi zimeanguka, anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Noa, yeye na tai yake, akainama akamwokotea zile karatasi. Kisha akapiga simu, ukaletwa msumeno wa kukatia chuma, ukapitishwa kwenye upenyo, akavua koti, akaanza kukata kutoka ndani. Karani! Msumeno wenyewe anaushika kama peni.

Najat akatazama lile pazia. Akatazama watu wa huku na watu wa kule. Akasimama. Akaziweka karatasi mezani, akasema, "Mwalimu, naomba niendelee." Akaendelea bila kusoma. Akaeleza familia zilizokatwa katikati, akanyoosha mkono kwa yule mama na mtoto wake. Akaeleza walioishi kwa vinavyopenyezwa, akanyoosha kwenye chapati. Msumeno unakwaruza pembeni.

Mwishoni Mwalimu Devota akamuuliza, kwa maoni yake, kwa nini pazia lile lilianguka. Najat akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye upenyo niliokuwa nachungulia. Akasema:

"Kwa sababu waliokuwa ndani walichoka kumngoja aliyelifunga akubali kwamba amekosea."

Makofi! Na mimi nikapiga, huko huko nje. Jibu zuri, ingawa hakutaja kutu.

Walitoka baada ya saa mbili na robo. Nilisimama mlangoni kupokea pongezi. Kila mtu alikuwa na haraka.

Ijumaa, 16 Mei

Najat haongei na mimi. Nimemwambia shikamoo ni haki ya mkubwa. Kaitoa, lakini kwa ukuta.

Semeni kapiga simu. Sikuelewa yote. Nilielewa "nazi" na "kichwani kwako".

Jumanne, 20 Mei

Thelathini na tatu kwa arobaini!

Hakuna kurudia mwaka, hakuna Mwera. Kijakazi kapiga vigelegele. Hata Khadija kavuka kamba ya nguo, wamekumbatiana, amani imerudi duniani. Najat kacheka mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha kaenda kumshukuru Noa. Msumeno ni wa Noa, sawa, lakini bila pazia angekata nini?

Barua ya chuo ina mstari kunihusu: nisionekane ndani ya geti la chuo. Wanaogopa nitaiga nondo zao. Nondo zangu!

Ila mimi si mtu wa kukataa elimu. Nimekaa, nimefikiri, nimekubali: pazia lile lilikuwa usemi. Maneno tu. Noa alisema kweli, kwa bahati. Kuanzia leo historia hainidanganyi tena.

Na imejaribu, mchana huu huu! Najat amemaliza insha ya kufunga muhula, anatakiwa kuiwasilisha kabla ya saa kumi. Nimemuuliza inahusu nini. Akasema Ukuta wa Berlin.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Ukuta! Baada ya pazia, ukuta! Nikamwambia huo nao ni usemi. Akasema, "Mjomba, huu ulikuwa ukuta kweli, wa zege." Noa akaletwa kuwa shahidi, akafungua kitabu akanionyesha picha yake. Picha ya usemi! Mzee wa watu na kabati lake lote, wamemuuzia picha ya maneno.

Wakachoka kubishana. Noa karudi kwake, Najat kaenda sokoni na Kijakazi, insha kaiacha mezani ndani ya bahasha. Sikuweza kukaa nikamtazama mtoto akiangamia. Nimechukua ile kalamu nene ya kuchoria alama kwenye vyuma, nikaandika ukurasa wa kwanza, herufi kubwa, juu ya maandishi yake yote: HAKUNA UKUTA. NI MANENO TU. Chini nikaweka jina langu, na neno Mshauri.

Bahasha nimeibandika kwa gundi, nikaifikisha chuoni kwa miguu yangu. Geti sikuvuka, natii sheria. Nimempa mlinzi akaipeleka mkononi kwa Mwalimu Devota.

Najat bado hajarudi. Atafurahi akikuta kazi imeshafika.