Vitufe Dhidi ya Skrini Nyeusi

Jumatatu, 4 Machi
Nimedhalilishwa. Picha za kitabu cha ndege wa porini zilitakiwa kupunguzwa ukubwa kabla ya kwenda mtamboni. Nikaenda kumlamba miguu shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa kompyuta hapa kiwandani kwetu, tunakochapa vitabu. Akafungua ile skrini yake nyeusi, akaandika amri ya mstari mmoja, kazi kwisha. Nikamwomba anifundishe. Akasema, shemeji, huku hakuna kubofyabofya, utaumia bure. Mimi! Niliyeandika makala lukuki za kupinga ukiritimba. Elimu inayojificha nyuma ya vistari na herufi mojamoja ni udikteta. Kila amri ipewe dirisha na vitufe. Nitaanza mimi.

Jumanne, 5 Machi
Mkurugenzi kakubali. Dirisha langu likifanya kazi Ijumaa, idara ya picha ni yangu, pamoja na chumba chake cha ghorofani. Kwaheri kijichumba cha chini ya ngazi. Shemeji akanishauri niweke swali la kumtaka mtu athibitishe kabla ya kazi kuanza. Nikamjibu kwamba mtu mzima haulizwi mara mbili kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata programu ya kutengenezea madirisha. Unaburuta kitufe, unabandika amri nyuma yake. Amri ya shemeji nimeinakili nikichungulia begani kwake. Kipande cha mwisho, kinachotaja folda ya kuwekea nakala, nimekitupa. Kinarefusha mambo. Msahihishaji akauliza kitufe cha kijani ni cha nini. Nikasema ni cha uhuru. Akasema sawa, lakini kinafanya nini. Watu wa namna hii hawajawahi kuongoza mapinduzi.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimwachia mkurugenzi heshima ya kubofya. Picha zikapungua kufumba na kufumbua. Zile zile za asili, nakala hakuna. Tai akawa kama stempu. Mkurugenzi akadhani hajabofya sawasawa, akabofya tena. Tai akawa punje. Mpigapicha, aliyewafuata ndege hao porini msimu mzima, akaketi sakafuni. Shemeji akavuta kiti, akaandika mstari mmoja, picha zikarudi kutoka kwenye akiba yake. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaninong'oneza, pole shemeji, dada nimwambie au nikae kimya? Nikamwambia afanye atakavyo. Idara kapewa yeye.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelitafakari kosa kwa haki. Ni la mkurugenzi: alibofya mara mbili. Umma haujaandaliwa. Lakini sasa nimeiona amri ya kurudisha picha kwa macho yangu mwenyewe, karibu yote. Hiyo ndiyo inayolilia kitufe! Jumatatu nikiwaonyesha, shemeji atanipisha ghorofani. Ila jaribio la kweli linataka picha zilizopotea kweli. Kwenye kompyuta ya mke wangu zimo za harusi yetu, zote mahali pamoja, nakala hakuna. Mwenyewe yuko sokoni. Nimeshazifuta. Sasa naanza kutengeneza kitufe.