Moyo Wangu Kwenye Spika za Kanisa

Jumatatu, 5 Agosti

Nimechoka kuambiwa nimepona! Leo peke yake wameniambia mwokaji mikate, mleta barua, na mjane mmoja ambaye tangu azaliwe hajapata hata mafua. Ati nang'aa. Ati rangi imerudi. Mwezi wa tatu walinipasua kifua, wakanitia vali ya chuma, wakanishona, na tangu hapo kila mtu ananitazama kama gari lililotoka gereji. Hakuna anayeuliza kuhusu pumzi inayokata nikipanda ngazi za kanisa. Wala kovu linalowasha. Wala moyo unaoruka ghafla nikiinama kufunga viatu, halafu ukatulia, ukaniacha nimetoa macho.

Daktari wangu wa mjini Yanina, mama mmoja mpole anayeongea taratibu, alisema haya mengine yatachukua miezi, nisijitie hofu. Ila nikiona moyo unakwenda ovyo nimpigie simu mara moja. Nimpigie ili anifungie nyumbani? Thubutu!

Maana kuna tarehe kumi na tano. Sikukuu ya Mama wa Mungu. Kijiji kizima kinarudi kutoka Athene na Ujerumani, na mwimbaji wa kwanza husimama upande wa kulia wa kanisa mbele ya wote. Mwimbaji wa kwanza ni mimi, Thrasivulos Kapsalis. Kushoto husimama wa pili, na wa pili ni Polikarpos, kaka wa mke wangu Evanthia, muuza chakula cha kuku.

Jioni ya leo, kwenye sala, pumzi ilinikatikia katikati ya ubeti. Sijavuta nyingine, Polikarpos akaumalizia kutoka kule kushoto! Ubeti wangu! Bila hata kunitazama! Na baada ya sala Padri Anthimos akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto kwamba labda nipumzike mpaka Krismasi, shemeji yangu ashike kulia kwa muda. Kwa muda! Nikamwambia nitapumzika nikifa. Akasema hilo ndilo analojaribu kuliepusha.

Jumanne, 6 Agosti

Leo ni sikukuu ya Kugeuka Sura, na zabibu zimebarikiwa kanisani. Sikula hata moja kwa furaha, kwa sababu Polikarpos ndiye aliyezigawa, na mimi alinipa kishada chenye vijiti vingi kuliko zabibu.

Lakini nimemkamata mwizi wa pumzi yangu! Ni kidonge cheupe, kile cha kutuliza moyo. Nimesoma karatasi yake kwa lenzi ya Evanthia ya kushonea. Uchovu. Kizunguzungu. Kukosa pumzi. Imeandikwa wazi, na watu wazima waliosoma wananipa kila asubuhi! Kidonge cha kulainisha damu sitakigusa, mimi si mpumbavu, bila hicho vali inaziba. Lakini cheupe, kwaheri.

Shida ni Evanthia. Ananisimamia na gilasi ya maji mpaka nimeze, utadhani anamnywesha mbuzi dawa ya minyoo. Vilevile ananipimia mchicha wa kuchemsha, kijiko kilekile kila siku, ati ukizidi unaharibu kazi ya kidonge cha damu, huku kaka yake anakuja hapa kufagia sinia zima. Basi leo nimekificha cheupe chini ya ulimi, nikameza maji, nikasema ahsante mke wangu, nikatoka barazani kunusa mrihani. Kidonge sasa kiko ndani ya chungu cha mrihani. Mrihani hauimbi, hauna haja ya pumzi.

Alhamisi, 8 Agosti

USHINDI! Sauti imerudi! Niliuvuta ubeti wa mwisho mpaka mishumaa ikayumba. Bibi wa mstari wa mbele alifuta machozi. Hata Polikarpos alikuja kunishika bega, akasema, "Shemeji, leo umeamka." Nimelitafakari neno hilo njia nzima. Nimeamka. Maana yake nilikuwa nimelala! Mtu huyu hana pongezi isiyo na sindano ndani.

Kisha, nikiwa ninateremka, moyo ukaanza. Si kuruka mara moja kama zamani. Ulikuwa unapiga mateke. Nikakaa kwenye ukuta wa kanisa nikijifanya natoa kijiwe kwenye kiatu. Niliogopa. Niliogopa sana, na hapa ninaweza kusema kwa sababu hapa hakuna mtu. Akilini nilimwona Evanthia akifungua dirisha la jikoni, ananiita chakula tayari, anaita tena, mimi siji.

Ukatulia. Nikavaa kiatu. Sikumwambia mtu. Zimebaki siku chache tu, na nikitia mguu hospitalini, Polikarpos naye anatia mguu kulia.

Jumamosi, 10 Agosti

Evanthia kasema nimepauka. Nikasema ni jicho baya, na kama anataka kujua la nani, amtazame kaka yake anavyonikodolea tukiwa kanisani.  Akaleta sahani ya maji, akanong'ona maneno yake, akadondosha mafuta ya zeituni. Tone la mafuta likielea zima, huna jicho. Likisambaa, unalo.

Likaelea zima! Yeye hata hakupiga miayo, ambayo nayo ni dalili ya jicho! Akasema hili ulilonalo si jicho, mume wangu, ni ukaidi, na kwa huo sina sala. Nikamwambia arudie na mafuta mengine. Haya ni ya mizeituni ya baba yake, na bila shaka yanawapendelea wa ukoo wao.

Akauliza moja kwa moja: moyo unaendaje? Nikasema vizuri mno. Akauliza kama nameza dawa. Nikamuuliza yeye, je, hunioni nikimeza? Akasema anamwona mtu anayekunywa maji na kwenda kunusa mrihani, na kwamba katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kunusa chochote kisicho chakula. Nikamwambia ugonjwa hubadilisha mtu. Akaondoka na sahani yake.

Jumatatu, 12 Agosti

Sasa ni uchokozi mtupu. Polikarpos anafanya mazoezi ghalani kwake, katikati ya magunia, na milango yote wazi! Ana sauti ya fahali. Mimi pumzi ninayo sasa, lakini sauti imekuwa nyembamba, na mateke yamekuja tena asubuhi nikinyoa. Nimejikata kidevu. Kwa kidonge cha damu, mkato mdogo hutoka damu kama umechinjwa. Nikamwambia Evanthia wembe ni mbovu. Kesho ataninunulia wembe mpya, maskini.

Lakini akili haijapasuliwa! Zisis, mpiga klarineti atakayetumbuiza kwenye ngoma ya sikukuu, ana maikrofoni ndogo ya kubana kwenye klarineti. Nimemwomba. Kasema nichukue, ila niangalie, kwa sababu kitu hicho kinasikia hata nzi akikohoa. Ndicho ninachotaka! Nitaimba taratibu kama mtu aliyekaa kitini, na spika za mnara wa kengele zitafanya kazi ya mapafu. Fahali apige kelele mpaka apasuke. Padri kakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Yeye naye amechoka na ile maikrofoni yake inayokoroma.

Zisis aliniambia niijaribu kwanza. Nikamwambia kujaribu ni kwa watu wasiojiamini.

Alhamisi, 15 Agosti. Hospitali, Yanina

Ndiyo. Hospitali. Siku ya sikukuu! Naandika nikiwa na sindano mkononi, na mgonjwa wa kitanda cha pili anataka nimsomee.

Jana jioni ilikuwa mkesha. Kanisa limejaa, uwanja nje umejaa, watu kwenye viti hadi mlangoni kwa mwokaji. Nimevaa joho langu jeusi. Maikrofoni nimeibana pale inapokaa vizuri na kuonekana nadhifu. Kifuani. Upande wa kushoto.

Nikaimba. Uzuri wake! Naapa sauti ilifika hadi Albania. Kisha nikanyamaza ili Padri asome, na kanisa likawa kimya.

Tiki. Tiki. Tiki. Tiki.

Toka kwenye mnara! Kijiji kizima! Watu wakatazama juu wakidhani spika zimeharibika. Zisis akapanda ngazi ya mnara na bisibisi mdomoni. Mimi, niliyeijua sauti ya vali yangu, nikatazama kitabu. Nilidhani itapita. Kisha zamu ya kushoto ikafika, Polikarpos akafungua kinywa, akaimba vizuri, tena vizuri kupita kiasi, na mnara ukaanza: tikitikitikitiki! Akinyamaza, inapungua. Akianza, inakimbia. Mwanamke mmoja akacheka ndani ya leso. Kule nje wakacheka bila leso. Sasa Ujerumani yote inajua kinachonipata shemeji yangu akipata sifa! Hivi kuna mtu mwingine duniani ambaye wivu wake umewahi kutangazwa kwa spika?

Nikainua mkono niing'oe. Hapo ndipo mateke yalipokuja. Yote kwa pamoja. Mnarani ikawa kama mtu amemwaga dengu juu ya bati, hakuna mpangilio, inakimbia, inakwama, inakimbia. Hakuna aliyecheka tena. Polikarpos akakata wimbo katikati. Akavuka kanisa zima, toka kushoto hadi kulia, mbele ya watu wote, jambo ambalo halijawahi kutendeka katika ibada yetu. Akanishika kiwiko, akasema, "Shemeji, mimi nafuga kuku, lakini hata mimi najua hiyo si sawa." Na maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi, basi hilo nalo wamelisikia wote.

Wakanipakia kwenye gari lake dogo la mizigo. Evanthia kati, mimi dirishani, pumba za kuku miguuni. Polikarpos aliendesha kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alinishika kifundo cha mkono juu ya mapaja ya dada yake, njia yote ya milimani. Nikamwambia ashike usukani. Akaniambia ninyamaze. Nilidhani nakufa. Nilidhani nitafia ndani ya harufu ya pumba na uso wa mwisho kuuona utakuwa wake. Na nilikuwa sitaki auachie mkono wangu. Nimeliandika hilo haraka, mtu wa kitanda cha pili anachungulia.

Daktari akauliza kuhusu dawa. Evanthia akajibu kabla yangu: kila kidonge nampa kwa mkono wangu, kila kimoja nimemwona anameza. Alisema kwa fahari! Daktari akanitazama. Ilibidi nitaje mrihani.

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimeshaandaa majibu.  Evanthia alichukua mkoba wake, akaenda kusimama kwenye korido, na kupitia kioo cha mlango nilimwona mgongo unatikisika. Daktari akasema moyo ulikosa breki yake ndiyo maana ukaruka, kwamba vali ni nzima kabisa, damu ni nzuri, na kwamba hofu na pumzi fupi ni mambo ya kumwambia yeye, si ya kuyatibu kwenye chungu. Na hakuna kuimba mpaka aseme.

Ijumaa, 16 Agosti

Moyo umetulia. Lakini mimi sijatulia, kwa sababu nimepata habari za sikukuu. Padri Anthimos alikuja kunitazama, akaniambia Polikarpos alirudi kijijini asubuhi ile ile bila kulala, akaimba ibada nzima kutoka kushoto. Kulia hakusimama. Aliacha kitabu changu wazi kwenye ukurasa wake, na mshumaa pembeni. Padri aliponisimulia, macho yalimlowa. Kumbe watu wote walilia.

Bila shaka walilia! Ujanja ulioje! Angesimama kulia wangemsema. Kwa kubaki kushoto kawa mtakatifu, na mimi nimegeuzwa marehemu wakati nakula mtindi hapa hospitalini! Mshumaa! Niwekewe mshumaa nikiwa hai! Miaka yote nimekuwa nikimdharau mtu huyu, kumbe ana akili kunishinda. Nilipompigia simu kumwambia, akasema, "Haya shemeji, pona upesi uje unitukane ana kwa ana," akakata.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimerudi nyumbani. Mrihani umekauka. Evanthia kautupa na chungu chake. Sasa cheupe anakisaga ndani ya kijiko cha jamu ya cheri, na baada ya hapo ananitaka niseme sentensi nzima ndefu. Leo nilisema kwamba Polikarpos si mtu mbaya kama anavyoonekana. Alisema hiyo inatosha, nimemeza.

Nimeahidi kila kitu. Nimemwahidi daktari, nimemwahidi Padri, nimemshika Evanthia mikono yote miwili nikamwahidi kwamba moyo ukiruka hata mara moja nitasema papo hapo, hata kama ni kanisani, hata kama ni mbele ya kaka yake. Alilia, nami nikalia. Kila neno lilitoka moyoni.

Jioni hii, nikiinama kutafuta ndara, uliruka. Mara moja tu! Kitu kidogo sana. Na tarehe nane Septemba ni kuzaliwa kwa Mama wa Mungu, sikukuu ndogo, beti fupifupi, mtu mwenye pumzi nusu anaimudu. Kwa nini niwasumbue watu waliochoka? Evanthia akauliza, vipi? Nikasema safi kabisa.  Alikuja tu akakaa kando yangu kwenye kochi, akaweka sikio lake kifuani pangu, akafumba macho, akabaki hivyo muda mrefu, akisikiliza.

Kasema atafanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni.

Kesho navaa fulana mbili.