Pumzi ya Bundala Haina Bosi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Jumamosi tunacheza ngoma kijijini Nkoma. Uwanja mmoja na kundi la Machibya, wakati mmoja. Watazamaji wakijaa upande wako, umeshinda. Mwaka jana walinikimbia wote, maana Machibya anavuta sauti ndefu kama honi ya lori. Nikishindwa tena, uongozi wa nyimbo anapewa shemeji yangu Ndaki. Ndaki! Anaimba kama anaita mbuzi.

Leo nimejitolea kwa watafiti wa pumzi waliofika hapa Bariadi. Wamenivisha barakoa yenye mrija. Nikabana pumzi hadi macho yakataka kutoka, kisha nikahema bila kupenda. Dokta Violeth akasema si uzembe wangu. Hewa chafu ikizidi kwenye damu, kuna sehemu chini ya ubongo inaamuru mtu avute pumzi, atake asitake. Nimemwambia labda kwa watu wengine. Mimi siamriwi.

Jumatano, 16 Julai

Nimerudi kumchimba dokta. Kasema mtu akihema haraka haraka, hewa chafu inapungua na ubongo unachelewa kutoa amri. Hicho ndicho nilichokitaka. Akaendelea kueleza kitu kuhusu kuzimia, lakini nilishafika getini.

Jioni mazoezi nyuma ya zizi. Mke wangu Nyanjige akauliza kama nimepata pumu. Nikamjibu huu ni utafiti. Kasema mtafiti akianguka, yeye habebi mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Nkoma. Machibya kaanza, watu wakamfuata. Nikahema kama mbwa wa kuwinda, nikaachia sauti. Ndefu. Ndefu mno. Nikamwona Machibya anageuka kunitazama. Halafu nikaona mawingu.

Jumapili, 20 Julai

Kichwa kinauma. Nyanjige anasema nilipoanguka, uwanja mzima ulihamia kwangu, hadi wapiga ngoma wa Machibya. Basi tumeshinda! Wazee wamekataa. Eti watu hawakuja kutazama ngoma, walikuja kutazama maiti. Ndaki kapewa uongozi. Wivu mtupu.

Dokta Violeth kapiga simu, mkali. Kasema kule kuhema ndiko kulikoniangusha, na nilipozimia, ile sehemu ya ubongo ndiyo iliyoendelea kunipumulia. Niishukuru. Niishukuru kwa lipi? Imesubiri nianguke, ikashika uongozi. Ndaki mtupu.

Nimemjibu kwa heshima kwamba kosa nimeshaliona. Sikuhema vya kutosha.