Walimu w, Toa Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kawahi tena kiti cha dirishani! Huyu ni kaka wa mke wangu, anafundisha jiografia, na miaka sita tunagombea kiti hicho ofisini kwa walimu. Leo nimemkomoa darasani. Somo: kugeuza maneno kuwa hesabu. Nikasema walimu wetu tisa tuwaite w, kisha yule mnene wa jiografia aondoke. Nikaandika ubaoni: w − 1. Darasa zima hoi kwa kicheko. Kiranja, binti mjuaji, akauliza hesabu inajuaje ni nani aondoke. Nikamwambia akae chini.

Jumanne, 4 Machi
Kiti kitupu! Nikakikalia. Halafu nikaona vikombe vya chai ni vinane. Nikamuuliza mwalimu mkuu shemeji yuko wapi. Akasema shule hii haijawahi kuwa na mwalimu wa jiografia. Nyumbani mke wangu kasimama na sahani ya ziada mkononi, analia, hajui anamlilia nani. Mimi najua.

Jumatano, 5 Machi
Nimesugua ubao mpaka bega likauma. Haufutiki. Basi nikaongeza + 1. Kichwa ninacho!
Saa nne akaingia mtu, akakaa dirishani. Si shemeji. Mrefu, mkavu, anakunywa chai na chai haipungui. Wenzangu wanamtania kama wamemzoea. Nikigeuka tu, sura yake siikumbuki. Jioni kanifuata nyumbani. Mke wangu akamwita kaka, akampa mkono, kisha akaufuta mkono kwenye gauni mara tatu. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Aondoke huyu, halafu nimrudishe shemeji. Nimeandika − 1 huku nikimkazia macho kule ofisini kupitia dirisha la darasa, isitokee makosa. Kiranja kauliza swali lake lilelile. Jibu langu lilelile.

Ijumaa, 7 Machi
Mtu yule bado yupo. Ila kahamia kiti changu cha zamani, na cha dirishani nimekikalia kila nilipotoka darasani bila mtu kunisumbua! Nimesalimia, hakuna aliyeitikia. Wivu huo. Vikombe vinane, changu sikukiona. Wanafunzi wangu walipiga kelele vipindi vyote, nami nipo mbele yao.
Nyumbani mke wangu kaandaa sahani mbili, yake na ya yule. Nikasema nina njaa. Akatoa ya tatu, akaishika, akalia, akairudisha kabatini. Sijui anamlilia nani.
Jumatatu naandika tena − 1. Safari hii nitakaza macho zaidi.